Karafuu Juu ya Mahameli: Matakia ya Hariri ya Uturuki

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Hamjambo nyote.

Kabla sijasema lolote, litazameni ua hili kwenye picha, lililofunguka kama pepeo. Waturuki huliita karanfil, na neno hilohilo ndilo walitumialo kwa karafuu ya pilau. Wao na sisi tumelichota katika kisima kimoja, Kiarabu. Ua lenyewe ni la bustanini, halina undugu na mkarafuu wa Pemba, lakini kila nilionapo kwenye takia la Bursa, mji wa Uturuki, moyo wangu hufurahi.

Waosmani, watawala wa dola ya Kituruki ya zamani, waliitwaa Bursa mwaka 1326 wakaifanya mji wao mkuu. Hariri ghafi ilifika hapo kwa misafara kutoka Iran, na mwaka 1491 Sultani Bayezid wa Pili akakamilisha jengo la wafanyabiashara liitwalo leo Koza Han. Koza ni kifukofuko, ile nyumba anayojifumia kiwavi wa hariri akishashiba majani ya mforsadi. Uani pana msikiti mdogo uliosimama juu ya nguzo, chini yake maji ya kutawadhia. Hata leo hariri inauzwa humo.

Kifukofuko hutiwa kwenye maji ya moto, gundi yake ikalegea, ncha ikatafutwa. Ikipatikana, uzi mmoja hufunguka mita mamia bila kukatika. Nyuzi za vifukofuko kadhaa ndizo huunganishwa kuwa uzi mmoja wa kufumia.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Kitambaa cha ua letu huitwa çatma, mahameli ya hariri. Kina mitande miwili, yaani safu mbili za nyuzi za urefu. Mmoja hushika kitambaa. Wa pili hupandishwa juu ya vijiti vyembamba, kisha vitanzi vyake hukatwa kwa kisu, na hapo ndipo yale manyoya laini hutokea. Sehemu nyingine hufunikwa kwa uzi uliozungushiwa fedha. Mfumaji hakufanya kazi peke yake: msaidizi alivuta kamba za nakshi, mstari baada ya mstari. Wakikosea kamba moja, ua linapinda.

Tazameni ncha mbili za foronya hii. Mnaona vilimi hivi, sita huku na sita kule, kila kimoja na ua lake? Vimefumwa humohumo kwenye kitanda cha kufumia. Foronya ilianza kuwa foronya tangu uzi wa kwanza, kwa kipimo chake, karibu sentimita 65 kwa 120. Haikuwa kipande kilichosalia baada ya kukata kanzu. Ndiyo maana linaniuma ninapoona vitambaa vya zamani vikikatwa vipande vya mraba ili vienee kwenye sofa za leo. Wanaokata hukata vilimi kwanza.

Watu wa Gaziantep, mji mwingine wa Uturuki, wana kitambaa kingine, kutnu. Jina latokana na neno la Kiarabu la pamba, maana mtande ni hariri na mshindio, nyuzi za kukingama, ni pamba. Uso unang'aa, mgongo ni wa pamba. Kwa mwanamume Mwislamu, aliyekatazwa hariri tupu, mchanganyiko huo ulikuwa na manufaa yake. Siku hizi kutnu nyingi hutumia hariri bandia, nayo inapendeza kwenye mito. Kosa ni kuiuza kwa jina la hariri.

Mnaoshona na kuuza, chomoeni uzi mmoja pindoni muuguse moto. Hariri hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake hupondeka vidoleni. Bandia ya rayoni huwaka kama karatasi. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Takia hili la kutnu nililokuja nalo litapita kwenu kuanzia safu ya mbele. Fungueni vifungo, geuzeni foronya muuone upande wa ndani. Pamba iko huko. Mikono iwe mikavu tu, tafadhali, maji huiachia hariri madoa.