Meza Moja, Idadi Mbili

Ndugu Mwenyekiti, wahariri wenzangu, na ninyi wakuu wa vituo mliokubali kukaa viti vya mbele,

Baadhi yenu mmeshanisikia nikilizungumzia jambo hili la kuunganisha vyumba vya habari vya redio, televisheni na tovuti, na nawaona wawili watatu wameanza kutabasamu kwa kuwa wanajua kisa cha basi kinakuja. Kinakuja kweli. Nitaendelea kukisimulia mpaka siku nitakapoingia katika chumba cha habari kinachoitwa cha pamoja nikakuta kazi ndiyo iliyounganishwa, si kuta tu zilizobomolewa.

Nilikuwa mhariri wa zamu katika kituo ambacho sitakitaja. Redio ilikuwa ghorofa ya chini, televisheni ilikuwa juu yetu, na vijana wa tovuti walikuwa juu kabisa, pamoja na idara ya masoko. Saa sita na dakika arobaini mchana mwandishi wetu alipiga simu dawati la redio kutoka eneo la ajali: basi limepinduka, watu wanne wamefariki dunia, na aliyemthibitishia idadi hiyo ni afisa wa polisi aliyesimama naye pale pale. Tukaandika, tukaiweka juu kabisa katika taarifa ya saa saba. Hakuna aliyepanda ngazi kwenda kumwambia mtu mwingine, kwa sababu hakuna aliyewahi kuelezwa kwamba hiyo ni kazi yake. Televisheni ikampigia mwandishi yule yule. Akafuata mtayarishaji wa kipindi cha mchana. Kisha televisheni tena, safari hii ikimtaka asogee mahali penye mtandao mzuri ili aonekane vizuri. Kijana wa tovuti alipompigia alikuta simu inatumika. Akarudia, bado inatumika. Kwa kuwa yeye alipimwa kwa kuwahi, akachukua idadi iliyoandikwa na mpita njia katika mtandao wa kijamii: watu saba.

Sasa, yale maandishi yanayopita chini ya skrini yetu yalivutwa moja kwa moja kutoka kwenye tovuti. Ilipotimu saa saba mwandishi wetu akatokea hewani, jasho likimtiririka, akasema wanne, na chini ya kidevu chake ikapita saba. Ikapita mara ya pili. Alipotaja wanne tena, saba ikapita mara ya tatu, kana kwamba inamsahihisha. Mtazamaji mmoja alipiga simu, kwa upole mkubwa, akauliza amwamini nani: huyo anayesema au hayo yanayopita chini yake?

Uongozi uliona aibu, ukafanya kile ambacho uongozi hufanya ukiona aibu: ukanunua meza. Ilikuwa kubwa, ya duara, na skrini zikatundikwa ukuta mzima. Utepe ulikatwa. Miezi michache baadaye idadi mbili zilitoka tena katika habari nyingine, na safari hii zilitoka kwa watu waliokaa karibu kiasi cha kuazimana kalamu, kila mmoja amevaa visikilizio vyake.

Meza ilikuwa moja, lakini mfumo wa kuandalia taarifa za redio na televisheni haukufunguka kwa watu wa tovuti, wala wa tovuti haukufunguka kwetu. Mhariri wa tovuti aliwajibika kwa mkuu wa masoko. Mimi niliwajibika kwa mkuu wa habari. Mwenzangu wa tovuti kila jioni aliulizwa amepata mibofyo mingapi, na mimi niliulizwa kwa nini taarifa ilizidi kwa sekunde ishirini. Ukiwaweka watu wawili kama hao pamoja hujaunganisha chochote; umewasogeza tu wapate kusikilizana wakipiga chafya.

Ninachokidai ni kidogo mno, ndiyo maana nakasirika kukidai kila mwaka. Pawe na dawati moja la kupokea habari. Mwandishi aliye nje apige simu moja, kwa mtu mmoja, kisha aachwe atazame anachokwenda kukitazama. Aliyeipokea simu aandike mistari mitatu, nini kimethibitishwa, nani amekithibitisha na saa ngapi, mahali ambapo redio, televisheni na tovuti wote wanapaona kwa wakati mmoja; na asiwepo wa kutoa idadi nyingine mpaka mistari ile ibadilishwe na dawati hilo hilo. Hilo linawezekana hata kwenye meza iliyovunjika mguu.

Kuna mtu pale nyuma ameshainua mkono, na swali lake nalijua: kumbe unataka mwandishi mmoja afanye kazi za watatu? Hapana. Kuandikia sikio na kuandikia jicho ni fani mbili. Msikilizaji ukimsomea 1,974,312 umempigia kelele. Mwambie karibu milioni mbili. Msomaji wa tovuti anayetafuta tarakimu kamili, ukimpa karibu milioni mbili ataona umekwepa kazi. Redioni tunamtaja msemaji kwanza, kwa sababu msikilizaji hana namna ya kurudi nyuma. Kichwa cha habari cha tovuti husomwa peke yake kwenye simu, hakina mtangazaji wa kukishika mkono. Nimewahi kusoma katika tovuti yetu wenyewe, siku tatu baada ya tukio, maneno haya: “Leo asubuhi mkutano umevunjika, na sasa tumsikilize mwenyekiti.” Chini yake palikuwa peupe. Mtu alinakili matini ya redio akaibandika kama ilivyo, na kwenye ripoti ya mwezi jambo hilo likahesabiwa kuwa ushirikiano. Kinachopaswa kuwa kimoja ni ukweli uliothibitishwa na anayeamua. Uandishi wenyewe uachieni wenye fani zao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silibezi: kwamba kuunganisha ni jina la heshima la kupunguza watu. Mara nyingi ndivyo ilivyo. BBC ilianzisha tovuti yake ya habari mwaka 1997, na kwa takriban miaka 10 tovuti, redio na televisheni ziliendesha vyumba vya habari tofauti. Zilipounganishwa mwaka 2008, hatua hiyo ilitokana na mpango uliotangazwa Oktoba 2007, ambao ulibeba pia upunguzaji mkubwa wa ajira. Kwa hiyo mwandishi anayenusa hatari anaposikia neno hili ana pua nzuri. Ushauri wangu kwa wakuu ni kwamba yasemeni mambo hayo mawili kwa siku mbili tofauti, na lile la ajira litangulie, kwani mtu asiyejua kama ana kazi hatamwonyesha jirani yake anayoyajua.

Tena msidhani jengo litawaokoa. Mwaka 2000, huko Tampa, Florida, Marekani, gazeti la Tampa Tribune, televisheni ya WFLA na tovuti ya TBO.com viliwekwa chini ya paa moja na mmiliki wao, Media General, na dawati la pamoja katikati. Wageni walimiminika kwenda kujifunza. Gazeti liliuzwa mwaka 2012, na mwaka 2016 likanunuliwa na mshindani wake na kufungwa. Sisemi paa lile ndilo lililoliua. Nasema tu kwamba halikulikinga.

Kuhusu kikao cha asubuhi cha wahariri nitapita haraka, maana Mwenyekiti anatazama saa. New York Times ya Marekani ilitangaza kuunganisha chumba cha gazeti na cha tovuti mwaka 2005, na ni mwaka 2015 tu ilipoacha utaratibu wa wahariri kuzipigania habari zao kikaoni ili ziingie ukurasa wa mbele wa gazeti lililochapwa. Miaka 10! Ninyi wa utangazaji mna ukurasa wenu wa mbele, nao ni taarifa ya usiku. Kama kikao chenu huanza kwa kuuliza nini kitaongoza usiku, watu wa tovuti wameshaambiwa kuwa ni wageni.

Nilikuwa na jambo kuhusu mafunzo na jingine kuhusu kumbukumbu za sauti, nayaacha. Lakini la masahihisho siliachi, kwa sababu linanirudisha kwenye basi. Siku ile tovuti ilibadilisha saba kuwa nne saa saba na dakika ishirini, kimya kimya, bila neno kwa waliokwisha kusoma. Redio haikusahihisha kitu, maana haikuwa imekosea. Na ule mfumo wa maandishi ya chini ulikuwa unapokea habari mpya bila kuzifuta za zamani, hivyo ile saba iliendelea kupita chini ya katuni za watoto mpaka saa kumi jioni, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa na nywila alikuwa amemaliza zamu na kuzima simu.