Wamarekani Weusi si wavivu: njooni niwaonyeshe Parrish Street

Hamjambo ndugu zangu, na shikamooni wazee wangu mnaotazama. Leo niko katikati ya mji wa Durham, North Carolina, barabara inaitwa Parrish Street, na hilo jengo la ghorofa sita nyuma yangu ndilo lililonileta.

Kuna maneno yananikera. Kila nikipiga simu nyumbani, hakosekani mtu wa kuniambia: "Wewe umefika juzi tu, tayari una kiwanja Kigamboni. Hao Wamarekani Weusi wamezaliwa huko, Kiingereza ndiyo lugha yao, mbona hawasogei? Wavivu hao." Nayasikia hata kwa Watanzania na Wakenya wenzangu wa hapa hapa, tena mezani, watoto wakisikia. Yananiumiza, na si kweli. Naomba mnisikilize.

Benki Kuu ya Marekani hufanya uchunguzi wa mali za kaya kila baada ya miaka mitatu. Katika ule wa 2022, ukizipanga kaya za wazungu kuanzia maskini hadi tajiri, ukachukua ile ya katikati kabisa, mali yake ukishatoa madeni ni dola 285,000. Kaya ya katikati ya weusi ni dola 44,900. Hiyo ni zaidi ya mara sita. Lakini ukienda kwenye kipato cha mwaka, tofauti haifiki hata mara mbili. Kwa hiyo suala si nani anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini. Suala ni nyumba, ardhi, na alichokiacha babu.

Sasa turudi kwenye hili jengo. Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa John Merrick, alizaliwa utumwani mwaka 1859. Akawa kinyozi, akafika hapa Durham, mwisho akamiliki maduka kadhaa ya kunyolea. Alikuwa anamnyoa hata Washington Duke, tajiri mkubwa wa tumbaku. Mwaka 1898 yeye na wenzake, akiwemo daktari Aaron Moore, wakaanzisha kampuni ya bima, North Carolina Mutual. Kazi yake ya mwanzo nyie mnaijua vizuri sana, ni kufa na kuzikana. Wakala anapita nyumba kwa nyumba, anapokea senti chache za wiki, na mtu akiugua au akifa familia haihangaiki kuchangisha. Hizo senti ndizo zilizojenga jengo hili mwaka 1921, liwe makao makuu yao wakati ule.

Watu wale wale wakaona pesa ya weusi isiishie kwenye bima. Wakapata kibali cha benki mwaka 1907, wakafungua mlango 1908, Mechanics and Farmers, yaani benki ya mafundi na wakulima. Na hapa naomba mtulie kidogo. Miaka ya 1920 benki hii ilikopesha zaidi ya dola 200,000, na inasifiwa kwamba mikopo hiyo iliokoa mashamba na nyumba zaidi ya 500 za weusi zisiende kwa wadai. Mwalimu anaweka mshahara wake pale, mkulima anakopeshwa pesa ile ile, shamba linabaki, mwanawe analirithi. Benki hiyo ipo mpaka leo, watu wanaiita M&F.

Ng'ambo ya reli kulikuwa na mtaa wa weusi unaitwa Hayti. Kulikuwa na maduka, hoteli, sinema, makanisa, madaktari, vyote vyao. Sasa nani aliuharibu, uvivu? Miaka ya 1930 ramani za serikali ziliipaka mitaa kama hii rangi nyekundu, kwamba mkopo wa nyumba hapa ni hatari. Wanajeshi waliporudi kutoka Vita Kuu ya Pili serikali ikawadhamini mikopo, lakini kwa kupitia benki za kibaguzi. Huko Mississippi, katika miji 13, mpaka 1947 mikopo zaidi ya 3,200 ilikuwa imetolewa. Waliopata weusi ni 2. Sijakosea, wawili. Halafu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 likaja lile wanaloliita kuboresha mji, na barabara kuu ya 147 ikapitishwa katikati ya Hayti. Mamia ya biashara na maelfu ya familia wakaondolewa. Wengine walikuwa wapangaji, wakaondoka na masanduku tu. Kanisa la St. Joseph's, la mwaka 1891, limebaki, sasa ni kituo cha utamaduni. Nendeni mkalione mkija.

Na sisi wahamiaji? Tulio wengi tumekuja na shahada, au na ndugu wa kutupokea, na sheria ya uhamiaji iliyotufungulia mlango ni ya 1965, imepita katika joto la harakati za kudai haki za hao hao tunaowaita wavivu. Walipigwa virungu, sisi tukapata viza. Tuwe na adabu.

Jumamosi huwa nakula kwa mama mmoja hapa, samaki wa kukaanga na majani yanayofanana kabisa na sukuma wiki, ila wao wanayachemsha na nyama ya kuvuta moshi mpaka yalegee. Jikoni ana jiko moja tu la kukaangia. Foleni inafika mlangoni, yeye anakaanga sahani nne nne, wengine wanachoka wanaondoka. Nikamuuliza kwa nini asiongeze jiko. Akaniambia wateja anao, mtaji ndio hana. Benki aliyoiendea ilitaka dhamana ya nyumba. Nyumba ya bibi yake ilikuwa Hayti, na pale ilipokuwa sasa yanapita magari.

Ndiyo maana nasema kununua kwa weusi ni jambo jema, nanunua na nitaendelea, ila sahani yangu ya samaki haimpi yule mama jiko la pili. Mkopo ndio unampa. Na benki inakopesha kutokana na amana, yaani pesa ambazo watu wameweka. Mwaka 2020, baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi, hata kampuni ya Netflix ilitangaza kupeleka hadi dola milioni 100 kwenye taasisi za fedha zinazohudumia weusi. Sisi tulioko hapa tuna akiba zetu za dharura, tuna vikoba vyetu vya kila mwezi, pesa inalala tu kwenye benki kubwa. Amana ina bima ya serikali mpaka dola 250,000, iwe benki kubwa au ndogo, hupotezi kitu. Mimi nimehamishia akiba yangu M&F. Deni la dhuluma hizi za miaka mia halilipwi kwa akaunti za watu binafsi, hilo ni la serikali na sheria zake, na nitawaunga mkono wanaolidai. Lakini jiko la mama huyu linahitajika mwaka huu.

Ameshapeleka maombi mapya, safari hii kwenye benki ya weusi. Anasubiri jibu. Likitoka, akiniruhusu, nitawaambia.