Wosia wa Walowezi wa Marekani: Viatu, Vitanda na Kurasa 158 za Kinyongo

Haya jamani, za huko nyumbani? Wazee mnaotuangalia shikamooni, vijana mambo vipi. Leo niko katikati ya mji wa Boston, na huu upepo mnaousikia kwenye maiki mtanivumilia. Jengo hili la matofali nyuma yangu, lenye simba kule juu, ni la mwaka 1713. Kabla yake palikuwa na jengo la mbao, soko chini, ofisi za mji juu, likaungua mwaka 1711. Na lile la mbao lilianzia kwenye wosia wa mtu aliyekufa na kinyongo chake.

Anaitwa Robert Keayne. Mtoto wa muuza nyama wa Windsor, Uingereza, akaja huku akawa mfanyabiashara mkubwa. Mwaka 1639 wakamshtaki kwamba anauza kwa bei ya kuumiza watu: misumari, vifungo, hatamu ya farasi. Akapigwa faini ya pauni 200, baadaye ikashushwa hadi 80. Kanisani nako wakamkaripia, akatubu kwa machozi mbele ya waumini. Watu wakajua yameisha. Wapi! Mwaka 1653 alikaa chini akaanza kuandika wosia, na ukafika kurasa 158. Ndani yake anaifufua kesi yote upya, msumari kwa msumari, akieleza bei ilikuwaje na nani alimsingizia. Alipofariki mwaka 1656, walioufungua wakakuta wanasomewa utetezi ambao hawawezi tena kuujibu.

Halafu humo humo, mji uliomfedhehesha akauachia pauni 300 za kujenga soko na ofisi! Wengine wanasema ni ukarimu. Mimi namsoma tofauti: alitaka kila anayekwenda kununua samaki apite chini ya pesa ya Keayne. (Huyu huyu ndiye aliyegombana na Bi Sherman kuhusu nguruwe jike, kesi ikawafarakanisha wakubwa mpaka mwaka 1644 baraza la koloni hili la Massachusetts likagawanywa kuwa mabaraza mawili. Nguruwe mmoja!)

Wosia wa watu wa kawaida haukuwa na makeke hayo. Mtu anaugua, anaona hali imekuwa mbaya, anaitwa jirani anayejua kuandika. Unaanza, "Kwa jina la Mungu, Amina," kisha mgonjwa anatamka kwamba mwili ni dhaifu ila akili ni timamu. Baada ya hapo ndiyo vitanda. Msicheke! Godoro la manyoya ya ndege lilikuwa miongoni mwa vitu vya thamani kubwa kabisa nyumbani, kwa hiyo baba anataja kitanda kipi kinakwenda kwa nani, pamoja na mito na mablanketi yake. Kwa kawaida mashamba yalikwenda kwa watoto wa kiume. Mabinti wakapewa vinavyohamishika: ng'ombe, masufuria, sahani za bati, hivyo vitanda. Akishazikwa, majirani wanaingia chumba kwa chumba na kalamu, wanaorodhesha kila kitu mpaka kiti kibovu, wanakiwekea bei kwa shilingi na peni. Orodha hizo ukianza kuzisoma usiku hulali.

Mjane sasa. Kwa sheria ya Kiingereza ya enzi hizo mwanamke akiolewa, mali aliyokuja nayo inaangukia mikononi mwa mume, na hawezi kuandika wosia mume asiporidhia. Mume akifa, anapata theluthi ya ardhi ya kutumia maisha yake yote, lakini kuiuza hawezi. Waislamu msichanganye na theluthi yetu ya wosia, hii ni habari nyingine. Wanaume wengine waliandika mpaka mambo ya jikoni: mama apewe chumba fulani, atumie kisima na tanuri, mwanangu amkatie kuni amfikishie mlangoni, amlishie ng'ombe wake mmoja. Na mwishoni kakipengele: "maadamu atabaki kuwa mjane wangu." Akiolewa tena, chumba kwaheri. Mtu yuko kaburini bado ana wivu! Ila Massachusetts walau, tangu sheria zao za mwaka 1641, mke aliyeachiwa kidogo mno aliruhusiwa kwenda kulalamika.

Bila wosia je? Massachusetts watoto waligawana, mwana mkubwa wa kiume akichukua mafungu mawili kama ilivyo kwenye Torati. Virginia ilikuwa kali zaidi: ardhi yote kwa mwana wa kwanza, na sheria hiyo hawakuifuta mpaka mwaka 1785. Baba mwenye wana watano huko alikuwa na kila sababu ya kuharakisha kuandika.

Wosia unaonigusa ni wa William Mullins, aliyekuja na meli ya Mayflower mwaka 1620. Alikuja na shehena ya viatu. Alipokuwa anakufa, Februari 1621, alitamka wosia wake, gavana wa koloni lao la Plymouth, John Carver, akauandika, nahodha na tabibu wa meli wakawa mashahidi. Anagawa pauni kumi kumi, kisha anasema ana dazeni 21 za viatu na jozi 13 za buti, kampuni ya koloni ivichukue kwa pauni 40. Mtumishi wake Robert anamsema kwamba hakuwa vile alivyotarajia. Wosia ukarudi Uingereza na meli ile ile. Mkewe, mwanawe Joseph na Robert nao walifariki. Upande huu wa bahari alibaki binti yake Priscilla peke yake.

Lakini kuna wosia ambao ukiufungua unatamani kuufunga. Virginia, tangu mwaka 1662, mtoto alifuata hali ya mama yake, na mwaka 1705 watumwa wakahesabiwa kisheria kama mali isiyohamishika, wakirithiwa kwa kanuni za ardhi. Ndiyo maana unakuta mama wa Kiafrika anarithishwa kwa mtu kama mali, pamoja na watoto ambao bado hajawazaa.

Na Mwafrika mwenye mali yake? Anthony Johnson alifikishwa Virginia mwaka 1621, akatoka utumwani, na mwaka 1651 alikuwa na ekari 250. Tusifiche, naye alimiliki mtu. Alipohamia Maryland alimwachia mwanawe Richard ekari 50, kwa mkono wake, akiwa hai. Mwaka 1670, yeye akiwa ameshafariki, baraza la wazee wa mahakama ya Virginia likaamua kwamba alikuwa mtu mweusi, kwa hiyo mgeni, kwa hiyo ardhi inarudi kwa mfalme. Mjukuu wake alinunua ekari 44 Maryland mwaka 1677, akaliita shamba hilo Angola.

Wanasheria wa Dar na Nairobi mnaonifuatilia, hili nawaachia nyinyi kwenye maoni: ardhi ambayo baba ameshaigawa akiwa hai, tena miaka kadhaa nyuma, wanaitenguaje baada ya yeye kufa?