Mfupa Utaunga, Mwili Uliobaki Je?

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wote habari za jioni. Mmenipa mada ya majeraha ya baiskeli za milimani na namna ya kupona umri unaposogea. Kazi yangu ni tiba ya viungo, na baiskeli hizi naziendesha mwenyewe. Kwa hiyo kama yupo aliyemleta mumewe hapa ili nimwambie aache, aniwie radhi, safari yake imekwenda bure.

Mtu akivunjika mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua, swali lake la kwanza ni wiki ngapi. Kijana wa miaka 22 anauliza hivyo, mzee wa miaka 60 anauliza hivyo hivyo. Kwa upande wa mfupa, majibu yao hayapishani sana. Mtulinga wa mtu mzima kwa kawaida huunga kati ya wiki 6 na 12, na mtu wa makamo asiyevuta sigara, ambaye sukari yake iko sawa, huunga vizuri tu. Kinachotuangusha sisi tuliovuka arobaini ni mwili uliobaki: misuli, kano, mapafu, pamoja na ujasiri wetu, vitu ambavyo vinakaa bure huku mfupa mmoja ukijengwa.

Basi tuanze kwa kuanguka. Vijana huanguka wakiruka: wanatua vibaya, wanaburuzika, wanainuka. Sisi tunaanguka polepole. Ni mteremko mkali wenye mawe, mwendo ni wa kutembea kwa miguu, gurudumu la mbele linakwama kwenye jiwe, na vidole vinabana breki ya mbele kwa hofu. Gurudumu linasimama, mwili hausimami, na mwenye baiskeli anapita juu ya usukani. Watu huniambia, "Ajabu, wala sikuwa na mwendo." Si ajabu. Mwenye mwendo mara nyingi hutua akiteleza, nguvu ya kuanguka ikasambaa njiani. Asiye na mwendo hushuka wima, na uzito wote unaishia kwenye kiganja au kwenye ncha ya bega. Mara nyingine ni mteremko wa mwisho wa siku, miguu imechoka na macho yameshafika nyumbani.

Kiganja kikitangulia, naomba mnifanyie jambo moja hapo mlipoketi. Nyoosheni mkono wa kushoto, muinue kidole gumba kama anayeomba lifti barabarani. Chini ya gumba, karibu na kifundo, mtaona kishimo kidogo kati ya kano mbili zilizosimama. Bonyezeni ndani yake kwa ncha ya kidole. Chini hapo pana mfupa mdogo sana uitwao skafoidi. Mtu aliyeanguka kwa kiganja, akibonyezwa hapo akashtuka kwa maumivu, mimi namhesabu amevunjika hadi ithibitike vinginevyo, hata picha ya eksirei ikisema hana kitu. Picha ya siku ya kwanza huweza kuukosa ufa wa skafoidi. Ndiyo maana daktari makini huufunga mkono, akarudia picha baada ya siku 10 hadi 14, au akaagiza kipimo cha MRI.

Kwa nini tuuhangaikie mfupa mdogo hivyo? Kwa sababu damu yake huingilia zaidi upande wa vidoleni, kisha inarudi nyuma kuelekea upande wa mkononi. Ukivunjika katikati, kile kipande cha nyuma kinaweza kukatiwa damu yake. Hapo mfupa hukataa kuunga, na miaka kadhaa baadaye kifundo kinaingiwa na baridi yabisi. Wengi wanaonijia na kifundo kibovu wana hadithi ileile: "Nilianguka zamani, nikaambiwa ni mteguko tu." Mteguko unaouma kwenye kile kishimo, usiukubali upesi.

Bega nalo lina siri yake, na hapa umri una maana kubwa. Kijana wa miaka 18 bega likichomoka, hofu yetu ni kwamba litachomoka tena na tena. Mtu aliyevuka arobaini bega lake halina tabia hiyo sana, lakini linapochomoka mara nyingi huchana zile kano zinazolifunika na kuuinua mkono. Linarudishwa mahali pake hospitalini, picha inaonyesha limekaa sawasawa, kila mtu anafurahi. Wiki mbili zinapita, na bwana bado hawezi kuunyanyua mkono kufikia kabati la juu. Anaambiwa ni maumivu, avumilie. Ndugu zangu, msivumilie hapo. Ombeni kipimo cha ultrasaundi au MRI mapema, kwa sababu kano iliyochanika kabisa hujivuta nyuma, na msuli wake hugeuka mafuta taratibu. Daktari wa upasuaji akiikuta mapema ana cha kushona. Akiikuta baada ya mwaka, huenda hana.

Mbavu nitazipitia haraka. Hazifungwi plasta, huachwa ziunge zenyewe, kama wiki 6. Hatari yake iko kwenye mapafu: anayeogopa kuvuta pumzi kwa maumivu huacha makohozi yatulie kifuani, na kwa mtu mzima nimonia huanzia hapo. Kwa hiyo dawa ya maumivu ya mbavu si ya kukataliwa kiume. Imeze kama ulivyoelekezwa, kumbatia mto, kohoa, vuta pumzi ndefu kila saa ukiwa macho. Dawa yenyewe muulize daktari, maana zile za jamii ya ibuprofeni huweza kuzisumbua figo, tumbo na shinikizo la damu kadiri miaka inavyoongezeka.

Kichwa. Ganda la povu ndani ya kofia hufanya kazi kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi lilivyokuwa. Kofia iliyopigwa inatupwa, hata kama kwa nje inang'aa. Aliyetikisika ubongo hapandi tena baiskeli siku ile, hata akisema yuko safi. Anapumzika siku moja au mbili bila kujifungia gizani, kisha anaanza kutembea na kuongeza shughuli hatua kwa hatua. Ila kwa wakubwa nina neno la ziada. Ubongo husinyaa kidogo kadiri tunavyozeeka, na vile vimishipa vinavyouunganisha na utando wake hubaki vimevutika. Kimoja kikipasuka, damu huweza kuvuja polepole kwa siku, hata kwa wiki. Mtu alianguka, akaamka, akamaliza njia, na wiki tatu baadaye mkewe anasema mbona mzee anasahausahau na kichwa hakimwachi. Hiyo ni safari ya hospitali, tena leo. Na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, akipiga kichwa anakwenda siku hiyo hiyo, asisubiri dalili.

Sasa nije kwenye kile nilichokisema mwanzo, kukaa bure. Kuanzia miaka ya thelathini misuli hupungua kwa kadirio la asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huongezeka. Nyuzi zinazoondoka zaidi ni zile za haraka, zilezile zinazokuwezesha kuupeleka mguu chini upesi baiskeli inapoyumba. Hiyo ni hali ya kawaida, bila jeraha. Watafiti waliwahi kuwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu, na miguu yao ikapoteza karibu kilo nzima ya nyama. Siku 10! Kijana naye hupungukiwa akilala, lakini yeye hurudishiwa upesi.

Halafu nitazameni mtu aliyevunjika mtulinga anavyoishi nyumbani. Mkono umening'inizwa shingoni, basi na miguu nayo imepewa likizo. Anakaa kwenye kochi wiki 6 akitazama video za wenzake wakiteremka milima. Miguu ilivunjika lini?

Ninachowapangia wagonjwa wangu ni hiki. Daktari akisharidhika kwamba jeraha limetulia, tunatembea kila siku, na kutembea huko kuwe na kijasho. Baiskeli ya ndani inafaa mapema, ukikaa wima bila kuegemea usukani. Kuchuchumaa na kuinuka, kupanda kigoda na kushuka, mara tatu kwa wiki hadi mapaja yalalamike. Mkono mzima unanyanyua uzito, na hapa nyuso zenu zinanishuku, lakini ni kweli: ukiufanyisha mazoezi ya nguvu mkono mmoja, ule uliofungwa hupoteza nguvu kidogo kuliko ungeachwa hivi hivi. Kazi hiyo inafanywa na neva. Na mkono wenyewe ulioning'inizwa, vidole vinakunjwa na kukunjuliwa tangu siku ya kwanza, na kifundo na kiwiko pia, kama si vyenyewe vilivyoumia. Bega likiruhusiwa, unainama, unauacha mkono uning'inie, unauyumbisha taratibu. Bega la mtu wa miaka 40 hadi 60 lina ugonjwa wake wa kuganda, na kufungwa muda mrefu ni mlango mmojawapo wa ugonjwa huo. Nimeona mtulinga ukiunga vizuri kabisa, na bega likamkatalia mwenyewe kuvaa shati mwaka mzima.

Chakula nacho. Msuli wa mtu mzima ni mzito wa kusikia: protini kidogo inayomtosha kijana kuuamsha, wetu haiuamshi. Wakati wa jeraha, wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 75 anahitaji gramu 90 hadi 112, zigawanywe kwenye milo yote, zisirundikwe usiku. Wenye ugonjwa wa figo wasifuate hesabu hii kabla ya kumwona daktari wao.

Kuna jambo linawashangaza wengi: baiskeli haijengi sana mifupa. Inaubeba uzito wako, na mfupa usiobebeshwa mzigo hauoni sababu ya kujiimarisha. Waendeshaji wa barabarani wa miaka mingi, wenye mapafu ya kutisha, hukutwa na mifupa dhaifu ya uti wa mgongo. Sisi wa milimani tuna nafuu kidogo kwa sababu ya kurushwarushwa. Lakini mwenye zaidi ya miaka 50 aliyevunjika kwa kuanguka kudogo, na hasa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, asiondoke hospitalini bila kuulizia DEXA, kipimo cha uimara wa mifupa. Alama ikiwa −2.5 au chini yake, mifupa ni dhaifu na ina dawa zake. Kwa wote, kunyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki ni sehemu ya mchezo huu, hata kama wengi wetu tunauona ni kero.

Lini kurudi? Kalenda naiweka kando. Nataka picha inayoonyesha mfupa umeunga, nataka pushapu 10 bila bega moja kukwepa, nataka ushike breki ukitetemeshwa bila kuachia. Ukipita hapo, njia rahisi kwanza. Na hapa tunakutana na jeraha lisiloonekana kwenye eksirei. Aliyeumia hurudi akiwa ameikaza mikono, viwiko vimenyooka, makalio nyuma kabisa ya siti, kwa kuogopa kupinduka tena. Kinachotokea ni kwamba gurudumu la mbele linakosa uzito, linakosa kushika ardhi, linateleza kwenye kona, na anaanguka upya. Kwa hiyo hofu hatuitibu kwa maneno. Tunarudi kwenye mteremko mdogo, viwiko vimekunjwa, kifua kimeshuka kuelekea usukani, breki kwa kidole kimoja kimoja, tunaurudia hadi mwili ukubali. Na kagueni ncha za usukani. Ile plagi inayoziba tundu la ncha ikidondoka, irudishe kabla ya kuondoka nyumbani, maana bomba tupu la chuma likikutangulia tumboni hukata kama kisu.

Kuna atakayenitajia Ned Overend, yule Mmarekani wa baiskeli za milimani. Alishinda mbio za nyika kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 1990, mjini Durango, Marekani, akiwa na miaka 35, na mwaka 2015, akiwa na miaka 59, akachukua ubingwa wa Marekani wa baiskeli za matairi manene. Nampenda sana mzee yule, ila simtumii kama kipimo cha mtu yeyote. Ninachojifunza kwake ni kwamba hakuwahi kukaa bure.

Naona mkono pale nyuma. Dada anauliza kama bamba la chuma kwenye mtulinga ni lazima litolewe. Si lazima, dada yangu. Wengi wanaishi nalo maisha yao yote. Hutolewa likikukera, na kwa mchezo wetu kinachokera zaidi ni mkanda wa begi la mgongoni unaopita juu yake kabisa. Ukiamua litoke, subiri mfupa uwe umekomaa, kwa kawaida zaidi ya mwaka. Na likishatoka, kumbuka yale matundu ya skrubu yanaufanya mfupa uwe dhaifu kwa muda, kwa hiyo miteremko mikali isubiri miezi kadhaa, hadi daktari aliyekufanyia akuruhusu. Kabla ya yote hayo lakini, jaribu kwanza begi la kiunoni.