Haiku nini? Haikufa

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Poa. Alokaa karibu na mi hapa naomba anibane muda maana nikianzaga hii mada huwa sijui kunyamaza, nyumbani wameshazoea wanaondoka tu sebuleni mmoja mmoja.

Mfumo endeshi, yani ile programu kuu inayoiendesha kompyuta nzima kama Windows, ninaotaka kuuongelea unaitwa Haiku. Najua, mnasubiri nimalizie neno. Haiku nini, haikuwaka? haikulipiwa? Hata mi siku ya kwanza nilicheka hivohivo. Jina limetoka kwenye vile vishairi vya Kijapani vya mistari mitatu, sababu zamani kulikuwa na mfumo unaitwa BeOS, na brauza yake, NetPositive, ukurasa ukigoma kufunguka ilikuwa haikurushii namba za ajabuajabu, inakupa kashairi. Yani umekwama alafu unasomewa ushairi. Waliokuja nyuma wakaipenda hiyo tabia, wakachukua jina hukohuko.

BeOS yenyewe ilikuwa ya kampuni ya Be, alioianzisha Jean-Louis Gassée mwaka 1990 baada ya kutoka Apple. 1996 Apple walikuwa wanahaha kutafuta mfumo mpya, wakakaa na Be, bei wakashindwana, mwisho wakainunua NeXT, kampuni ya Steve Jobs, na mengine mnayajua maana nyie wengine matunda yake, iPhone hizo, mmeyashika mkononi hapo mnanirekodi. Be ikajikongoja mpaka 2001, mali zake zikanunuliwa na kampuni ya Palm. Mwaka huohuo watu walioupenda ule mfumo wakasema basi, sisi tunauandika upya kuanzia sifuri, na safari hii msimbo wake, yani yale maandishi ya programu yenyewe, uwe wazi, anayetaka auchukue, aubadilishe, ndo maana leseni yake ni ile ya MIT ambayo haina masharti mengi. Wakaanza kwa jina la OpenBeOS, 2004 wakabadili likawa Haiku. Sasa sikilizeni kalenda hii: alfa ya kwanza, yani toleo bichi la majaribio, 2009. Beta ya kwanza 2018! Beta ya tano 2024. Na beta bado ni majaribio, maana yake toleo la kwanza lenyewe halijatoka. Wengi wanaifanya usiku wakishatoka kwenye kazi zinazowalisha. Kwahiyo siku hizi mtu akiniuliza haiku nini, namjibu haikufa.

Alafu kitu kimoja, hii sio Linux, ule mfumo endeshi mwingine wa bure. Sina ugomvi na Linux mi, mashine yangu ya kazi inatumia hiyohiyo, ila pale keneli, yani kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa, imetoka huku, madirisha yametoka kule, na kila timu ina akili zake. Haiku wameanza na mtu mmoja amekaa mbele ya kompyuta yake, sio seva, sio simu, alafu keneli, madirisha mpaka programu ndogondogo vinatoka kwenye jiko moja. Unaisikia hiyo mkononi. Kile kichwa cha dirisha, cha njano, hakijatanda juu kote, ni kama kile kisikio cha folda la karatasi, na unaweza kukivuta kushoto kulia, ukarundika madirisha kumi na kila moja jina lake linaonekana.

Ila kilichoniteka mi ni mafaili. Nina faili moja, lina jina la fundi wangu, ukiangalia ukubwa wake ni baiti sifuri, tupu kabisa. Namba yake ya simu iko wapi sasa? Imebandikwa kwenye faili kama lebo, na barua pepe yake lebo nyingine, na anwani nyingine. Huo mfumo wa mafaili unaitwa BFS na unatunza faharasa ya hizo lebo, kwahiyo nikitaka barua pepe zote alizonitumia, programu ya barua hata siifungui, naandika swali palepale kwenye kutafuta mafaili, orodha hiyo hapo, na barua mpya ikiingia dirisha likiwa wazi inajipanga yenyewe humo mi nimekaa tu. Haya mambo BeOS ilikuwa nayo miaka ya tisini! Mmoja wa walioiandika BFS, Dominic Giampaolo, baadaye alienda Apple na akafanya kazi kwenye Spotlight, kile chombo chao cha kutafutia vitu kwenye kompyuta, ndo mjue.

Na ndo hapohapo nilipoumia. Nilikuwa nahamia kwenye laptopu nyingine nikakopi folda langu la watu kwenye flashi, flashi yenyewe ya FAT32, ule mpangilio wa mafaili wa kizamani, nikaangalia majina yote yapo, nikafuta diski ya zamani kwa kujiamini kabisa. Kufungua kule, majina yapo ila ndani hamna kitu, FAT haijui hizo lebo, iliziangusha njiani zote. Ningezifunga kwanza na zip ya humohumo Haiku zingefika salama, na hilo mi nilikuwa nalijua, uvivu tu. Nikaanza kuomba namba upya mtu mmoja mmoja, na fundi akaniuliza si we ndo ulikuwa unatutambia?

Mabaya yake mengine nayasema harakaharaka muda umeisha: kurasa nzitonzito zinaisumbua brauza yake, waifai ni bahati yako na kadi yako, na mtumiaji ni mmoja tu mwenye mamlaka yote, kwahiyo kompyuta ya familia sahau. Siwaambii mkafute mlichonacho. Flashi tu inatosha, inawakia humohumo bila kugusa diski.

Ngoja niiwashe. Mnaona hizo alama zimefifia, zinawaka moja moja? Kila moja ni hatua, ikiganda unajua imegomea wapi, mi kuna kompyuta ilinigandia kwenye alama ya diski wiki nzima. Ya mwisho ni roketi. Haya… diski imepita… jamani nani kasimama kwenye waya? Ah, roketi hiyo. Nani ana swali?