Nijifunze Kiingereza gani kabla sijaja? Najibu nikiwa kwa mama, Kiboriloni

Haya wapendwa, habari zenu. Wakubwa zangu shikamooni. Leo sipo Leicester, kule England ninakofanya kazi, nipo nyumbani Moshi, likizo ya wiki tatu, nimekaa kibarazani kwa mama. Mkisikia jogoo na bodaboda mniwie radhi.

Swali ni lile lile: "Dada, nijifunze Kiingereza gani kabla sijaja?" Mnaniuliza kila video, na hapa mtaani nimeulizwa tangu siku niliyoshuka kwenye basi. Najua nikijibu wapo watakaosema huyu anajisifu, siku hizi kajua kizungu. Na wapo watakaosema analalamika nini, si arudi. Jamani, sijisifu. Silalamiki pia, nilikwenda kwa hiari yangu. Ila hela niliyopoteza kwa kutojua maneno mawili matatu inaniuma mpaka leo, na sitaki mtu wa kwetu aipoteze kwa njia ile ile.

Jibu langu ni hili: jifunze maneno ya kupungua. Kukatwa, kupunguzwa, kuzuiliwa, kuondolewa. Kusalimia na kuagiza chai utajua tu ndani ya wiki. Hela yako inaliwa na haya.

Mwaka wangu wa pili nilihama fleti. Nilikuwa nimeweka amana ya paundi 800. Sheria ya kule England inamtaka mwenye nyumba ailinde kupitia mfuko ulioidhinishwa ndani ya siku 30, ibaki chini ya ulinzi huo mpaka uhame. Nikahama. Wakala akaniandikia barua pepe: "We propose the following deductions." Chini yake orodha: kusafisha zulia 120, rangi ya ukuta 160, jiko 60. Nilikuwa kwenye basi, nimetoka zamu ya usiku, naisoma kwenye simu. Macho yangu yakasoma "reductions". Nikaelewa kwamba gharama zilikuwa kubwa, hawa watu wamenipunguzia. Nikajibu pale pale, "I agree, thank you so much."

Paundi 340 zikaenda. Nilipouliza, wakanirudishia barua yangu mwenyewe: ulikubali, tarehe hii hapa. Kumbe "deductions" ni makato, na "propose" maana yake wanapendekeza tu. Ningeweza kukataa, na mfuko wenyewe una usuluhishi wa bure. Kumbe pia uchakavu wa kawaida wa kuishi ndani ya nyumba mpangaji halipi. Na ukuta ule ulififia kwa jua la dirishani, hakuna mkono uliouchafua.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka huo huo nilipata karatasi ya halmashauri, ile kodi ya kila mwezi ya makazi. Imeandikwa kwamba mtu mzima anayeishi peke yake anaweza kuomba "reduction". Ni asilimia 25, si hela ndogo. Nikaisukuma kwenye droo. Miezi saba. Neno lenyewe lilinitisha.

Lilinitisha kwa sababu ya baba. Baba alikuwa kiwandani hapa Moshi, na miaka ya 1990, viwanda vya serikali vilipobinafsishwa, alipunguzwa. Nilikuwa darasa la nne. Namkumbuka anaingia na baiskeli saa nane mchana, saa ambayo baba hajawahi kurudi, akaiegemeza kwenye mgomba, akakaa chini bila kuvua kofia. Mama hakuuliza kitu. Kuanzia siku ile "kupunguzwa" nyumbani kwetu lilikuwa neno la kusema kwa sauti ya chini. Kwa hiyo mimi nikiona "reduction" naona baiskeli ile. Lile lililokuwa nafuu yangu nikalikimbia, lile lililokuwa hasara yangu nikalishukuru.

Jana nilikwenda na mama sokoni Mbuyuni, anauza ndizi. Wateja siku nzima ni "nipunguzie, mama". Ndipo nikaona kitu ambacho ningependa mwalimu angeniambia. Baba alisema "nimepunguzwa". Mteja wa mama anaondoka akisema "nimepunguziwa". Ni "i" moja tu imeingia katikati. Mmoja anaondoka na huzuni, mwingine na mkungu begani, na hapa Moshi hakuna mtoto wa miaka mitano atakayechanganya. Basi kwa Waingereza "deduction" na "reduction" ziko karibu hivyo hivyo. Masikio yao yamezaliwa nazo, yetu lazima tuyafundishe.

Na kuna jambo lingine linalonikera kwenye Kiingereza cha ofisini. Sisi tunasema "nimekatwa". Mimi nimo humo ndani, na ukiniuliza "na nani?" nakujibu. Wao wanaandika "a deduction has been applied", yaani makato yamefanyika. Mimi simo, aliyekata hayumo, ni kama mvua imenyesha. Unasoma unaona hakuna wa kumuuliza. Yupo! Uliza.

Hati ya mshahara nitaipitia haraka, makato mnayajua hata huku, wenye mkopo wa chuo mnakatwa asilimia 15 na mnaijua hali. Kule paundi 12,570 za kwanza za mwaka kwa kawaida hazitozwi kodi ya mapato, zinazofuata ni asilimia 20, halafu bima ya taifa asilimia 8, pensheni mara nyingi 5. Ila angalieni alama ya kodi, "tax code", ile inayoandikwa kwenye hati hiyo. Mimi nilianza na BR, maana yake nakatwa asilimia 20 kuanzia paundi ya kwanza. Ilirekebishwa na hela ikarudi, lakini miezi mitatu ile nilituma nyumbani kidogo na maneno niliyoambiwa na ndugu sijayasahau. Mtu anaona mshahara niliotaja, haoni kilichobaki.

Binti ya mama mdogo ni nesi, anashughulikia viza. Dalali mmoja amemwambia atafute hela ya tozo ya afya, ile ambayo wengi wanalipa paundi 1,035 kwa mwaka. Jana jioni tumekaa hapa hapa tukasoma mstari kwa mstari. Kwa viza ya wahudumu wa afya imeandikwa "exempt". Ameondolewa, halipi hata senti. Alikuwa ameshaanza kuomba michango.

Asubuhi hii mlima ulifunguka vizuri. Wenzangu kazini huwa wananiuliza habari za barafu ya Kilimanjaro na wana maneno mengi mazuri, "shrink", "recede", "dwindle". Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 imekwisha. Mama hana maneno hayo, anasema tu mlima umekuwa mweusi. Maneno yale nayapenda, "dwindle" hasa, kitu kinachoisha polepole ukikitazama. Lakini hayajawahi kunigharimu kitu, ndiyo maana siwaambii muanze nayo.

Tena haya yote ni mimi na safari yangu. Mwenzangu kaenda Kanada, atakwambia mengine. Msije mkasema dada alisema.

Ninachofanya siku hizi: neno la kupungua likitokea kwenye barua, sijibu siku hiyo. Nalichukua naliandika kwa Kiswahili kwanza. Nimekatwa? Nimepunguziwa? Nimezuiliwa, kwamba ipo mahali na inaweza kurudi? Sasa hivi kwenye begi nina fomu ya kazi mpya. Sheria ya kule inaweka kikomo cha wastani wa saa 48 za kazi kwa wiki, na mfanyakazi anaweza kukubali mwenyewe kuzidisha. Fomu inasema "I waive". Wakikusamehe ada wanasema wame-"waive", na nilipoliona nilifurahi kidogo, nikadhani nasamehewa kitu. Nikaliandika kwa Kiswahili: mimi ndiye ninayeachia haki yangu. Wanaisubiri Jumatatu. Sijaisaini.