Rasimu Ikifika kwa Wadau, Mambo Yameshaisha

Ahsante, mwenyekiti. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo nitalisema tena. Sera ya jamii nchini kwetu haipiti kwa sababu hoja yake ni nzuri. Inapita ikipata watu wa kuibeba, wanaofahamiana, walio karibu na fungu la fedha. Wanafunzi wananiletea tasnifu zenye sura nzima ya "mchakato wa sera": utafiti, rasimu, maoni ya wadau, Baraza la Mawaziri. Mimi huwauliza: rasimu ya kwanza aliandika nani, na wiki ile alikuwa akikutana na akina nani? Wananyamaza.

Chukueni pensheni ya wazee. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Tanzania Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Mwaka 2010, wizara yenye dhamana ya kazi pamoja na HelpAge International, shirika la kimataifa la kutetea wazee, walitoa upembuzi yakinifu wa pensheni kwa wazee wote. Gharama zilipigiwa hesabu, njia za kulipa zikaelezwa. Hadi leo mzee wa Kondoa au Newala, aliyelima maisha yake yote, haioni pensheni hiyo. Vukeni maji sasa. Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, mwenye nacho na asiye nacho, tena kwa fedha za bajeti yake yenyewe. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000.

HelpAge walikuwa kote kuwili. Hoja ilikuwa moja. Mbona huku imekwama na kule imepita?

Najua mtaniambia Zanzibar ni ndogo, wazee wachache, gharama nafuu. Kweli, walioanza kulipwa walikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Ila udogo huo una faida nyingine ambayo wachumi hawaiweki kwenye majedwali yao. Mstaafu aliye kwenye jumuiya ya wazee kule, JUWAZA, huenda juzi tu alikuwa mkurugenzi, na afisa anayeandika waraka leo alilelewa kikazi naye. Baada ya swala wanakutana barazani. Hahitaji kuomba miadi. Ongezeni kwamba Serikali ile ina nyumba za wazee Sebleni na Welezo tangu enzi za Mzee Karume. Kwamba mzee ni jukumu la Serikali, hilo halikuwa geni masikioni mwa yeyote. Wataalamu wa nje walipokuja na hesabu zao, walikuta watu wameshakubaliana.

Bara, wizara ile ya kazi ilikuwa na hoja lakini haikuwa na watu. Fedha za maskini zilishapata njia yake: TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, iliyoanza mwaka 2000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ambayo kwa miaka mingi imekuwa chini ya Ofisi ya Rais. Mtandao wa watu wa namna hiyo ukitaka jambo, Hazina inasikiliza.

Na hata wao hawakuanza na utayari wa kumpa maskini fedha mkononi. Viongozi wetu wengi, waliokulia kwenye "Uhuru na Kazi", waliona huko ni kufuga uvivu. Nani aliwabadilisha? Machi 2006 serikali 13 za Afrika, yetu ikiwamo, zilikutana Livingstone, Zambia, kuzungumzia jambo hilohilo la kuwapa maskini fedha. Kikao kiliitishwa na Umoja wa Afrika pamoja na HelpAge, fedha zikatoka Uingereza. Katika mkoa huohuo, wilayani Kalomo, Wajerumani kupitia GTZ, shirika lao la misaada, walikuwa wameshajaribu kuzipa fedha kaya kama elfu moja. Mwaka 2010 tukafanya jaribio letu Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Tazameni ramani: mbili ziko jirani na Dar es Salaam, moja imepakana na Dodoma. Sisemi zilichaguliwa kwa sababu hiyo. Nasema kiongozi aliweza kwenda asubuhi, akaongea na walengwa, akarudi mapema akiwa na la kuwaambia wenzake. Mwaka 2012 Rais Kikwete akazindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na kufikia 2015 kaya zaidi ya milioni moja zilikuwa ndani.

Kuna atakayesema naona njama kila mahali. Hapana! Mpango umesomesha watoto, na nautetea popote. Ninachokataa ni kudanganywa kwamba wananchi waliuchagua kwa "kushirikishwa". Sharti la mtoto kuhudhuria shule na kliniki ili kaya ilipwe lilitoka Mexico, lilikoanza mwaka 1997, na huku likawatuliza waliohofia uvivu. Kijijini hakuna aliyeulizwa.

Nilihudhuria mkutano wa kijiji mmoja siku ya kusoma majina ya walengwa. Mtendaji anasoma, watu kimya. Kuna bibi alipitishwa na wanakijiji wenzake, kompyuta ikamtoa. Nyumba yake ina bati, na bati lina alama kwenye kanuni ya kupima umaskini. Bati lile aliezekewa na mwanawe kabla hajafariki. Akasimama akamuuliza mwenyekiti, "Sasa mwanangu, bati nalila?" Mwenyekiti hakuwa na jibu, na hakuwa na namba ya simu ya mtu yeyote mwenye jibu. Hicho ndicho ninachokiita kukosa mtandao, na kinamnyima mtu chakula.

Nimeonyeshwa saa. Ya Kenya na Inua Jamii, mpango wake wa fedha za msaada uliowafikia wenye miaka 70 mwaka 2018, nayaacha. Bima ya afya kwa wote, sheria ya 2023, mtaniuliza kwenye maswali.

Kwa mnaoanza utafiti: msiniletee tena dodoso la kuuliza wadau kama "walishirikishwa". Nendeni kwenye majalada, mtafute karatasi ya mahudhurio ya kikao cha kwanza kabisa, kile cha kabla ya rasimu. Andikeni nani alisaini, anatoka ofisi gani, na safari yake ililipwa na nani. Mkinyimwa jalada, andikeni pia kwamba mlinyimwa, na aliyewanyima ana cheo gani.